Mikono ya Wikioni

Barke alinipigia simu nikiwa nachambua mchele, kazi ambayo siku hizi siiwezi bila miwani. "Mwalimu," akasema, na kwa jinsi alivyolivuta lile neno nikajua kabla hajafika mwisho. Bi Zena, nyanya yake, alikuwa ametutoka. Watu wa Amu, ndiyo Lamu, humzika mtu siku ile ile, kwa hiyo nilijua mazishi sitayawahi. Nikafunga begi niwahi hitima. Safari ya kutoka kwetu bara hadi Mokowe, kisha mashua hadi kisiwani, humchosha mtu mwenye magoti mazima, seuze mimi, na nilipofika nilipandishwa zile ngazi za mawe za kwa Bi Zena huku wanawake wawili wamenishika viwiko na kuniita bibi. Niliwaacha waniite. Juu ukumbini watu walikuwa wamejaa, juzuu mikononi, wakisoma kwa sauti ya chini, na hakuna aliyeuliza mwanamke Mkristo wa bara anatafuta nini pale. Nilipewa mto, nikakaa mkekani na kuegemea ukuta. Ng'ambo ya ukumbi, mkabala na mimi, mlango wa wikio ulikuwa wazi. Nilipouona tu nikaanza kulia, tena kwa sauti, mpaka mama mmoja akanipa leso yake.

Wikio, kwa asiyeijua Amu, ni chumba chembamba kilichojengwa juu ya kichochoro, kutoka ghorofa ya nyumba moja hadi ghorofa ya nyumba ya pili. Apitaye chini huona dari juu ya kichwa chake na kuendelea na safari zake. Walio juu huona njia. Kwa wikio wanawake wa zamani walikwenda kumjulia hali mgonjwa, kuazima kinu, kusukana nywele, na kurudi kwao bila unyayo kugusa mtaa. Wikio la Bi Zena lilikuwa na madirisha mawili madogo ya nondo za mbao, na kwenye dirisha moja kilining'inia kikapu cha kamba. Muuza samaki akipita aliitwa, kikapu kikashuka kitupu na kupanda na changu wawili, na bei ikagombaniwa hewani, yeye chini na Bi Zena juu, bila mmoja kumwona mwenzake. Mimi nilikuwa nimepanga chumba cha chini kando ya mlango mkubwa. Mwaka mzima niliamka kwa nyayo za watu juu yangu na kile kikapu kikigonga ukuta, na mwanzoni nilikasirika kila asubuhi. Nilipohamishwa nilikuja kukosa usingizi kwa sababu ya kimya.

Ulikuwa mwaka ule Serikali ilipofuta karo ya shule za msingi. Mimi nilikuwa mwalimu mpya, binti wa bara ambaye hajawahi kuonja maji ya chumvi, nimepangiwa Amu bila kuulizwa. Redioni walisema kila mtoto aende shule iliyo karibu naye na asirudishwe hata mmoja, nasi hatukumrudisha yeyote. Waliletwa wakishikwa mikono, waliletwa migongoni, wengine walikuja wenyewe wakiwa wamebeba ndugu zao. Madawati yalikwisha, mikeka ikafuata, na darasa langu la pili likahamia uani chini ya mti wa mkungu, kungu zikitudondokea vichwani katikati ya hesabu. Mwalimu Mkuu, Bwana Athmani, mwenyeji wa mji na mtu mpole wa kanzu iliyopigwa pasi, alizunguka akisema "Mashallah, mashallah," na kila akirudia sauti ilikuwa ndogo zaidi. Tangu siku hizo nimekaa kwenye warsha nyingi, chupa ya maji mbele yangu, nikisomewa vipaumbele vya elimu. Kila serikali huja na vyake: mara vishikwambi, mara mtaala mpya, mara chakula cha mchana shuleni, mara sekondari ya chini ibaki kwenye shule za msingi ili watoto wasiende mbali. Sivibezi. Ile amri ya kufuta karo ilifungua mlango uliokuwa umefungwa kwa watoto wengi sana, na nikimsikia mtu akiisema vibaya hasira hunipanda. Lakini mlango ukishafunguliwa hubaki mtu mmoja nje, kwa sababu ambayo haionekani kutoka Nairobi. Mimi niliiona asubuhi moja chini ya ule mkungu.

Barke alikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa amekwisha kuhitimu Qur'ani chuoni, madrasa ya mtaani, na aliisoma kwa sauti ya kumsimamisha mtu njiani, lakini shule ya Serikali hakuwahi kuingia. Herufi zetu alizijua kwa kuokotaokota kwenye pakiti za sabuni na magazeti ya kufungia bisi. Alipokuja na buibui lake, mrefu kunishinda, Bwana Athmani alimpa vitabu viwili asome, akafikiri kidogo, akamweka darasa la pili. Wanafunzi wangu walikuwa wa miaka saba na minane, watoto wa Amu, walioleleka. Walimwona mtu mzima amesimama mbele yao, wakafanya kama walivyofundishwa majumbani mwao: wakainuka, wakajipanga, wakaenda mmoja mmoja kumbusu mkono. "Sabalkheri, Bi Mwalimu." "Sabalkheri, Bi Mwalimu." Mimi mwalimu mwenyewe nimesimama pembeni na chaki yangu na sketi yangu ya kibara, na hakuna aliyenitazama. Ningecheka kama nisingeuona uso wa Barke. Kuuvuta mkono kungekuwa utovu wa adabu, kwa hiyo aliuacha ubusiwe hadi mtoto wa mwisho. Kisha akakaa mkekani kati yao, magoti yakimfika kidevuni, na akafuata somo zima la kujumlisha bila kuinua macho. Kengele ya mapumziko ilipolia alitoka pamoja na wenzake, akaenda moja kwa moja kwao.

Jioni Bi Zena aliniita kutoka juu ya ngazi kwa Kiamu chake, ambacho njoo ni ndoo, juu ni yuu na mji ni muyi. "Ndoo yuu, Tabita, usile peke yako kama mgonjwa." Jiko lao lilikuwa darini, yaani juu ya paa, chini ya kibanda cha makuti, na huko kulikuwa na samaki wa kupaka na mikate ya mofa, nazi imemwagwa bila ubahili. Bi Zena alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mkali wa macho, anayekula polepole na kusema upesi. Nilisubiri nishibe ndipo nikasema kwamba kesho nitamngoja Barke shuleni.

Barke alikuwa akipepea makaa, mgongo amenipa. "Usiningoje, Mwalimu. Nishabusiwa mkono na darasa zima. Nimestaafu."

Niliangua kicheko, na yeye akacheka, lakini mabega yake hayakucheka. Bi Zena alikata kipande cha mofa, akakichovya, akakishika bila kukila. "Serikali imefuta karo, mwanangu, Mngu aibariki," alisema. "Haya imeifuta?"

"Haya ya nini, Bi Zena? Kusoma?"

"Kusoma si haya. Mimi nimesoma, na mamangu alisoma. Haya ni mtu mzima kuketishwa na watoto wadodo, na muyi mzima kumtizama ndiani akenda kufundishwa moya na moya. Mtoto huyu hakukosa kitu. Kwani kuwa mkubwa ni kosa?" Chuo cha ualimu walinifundisha mambo mengi, hata namna ya kushika kifutio, lakini hilo hawakuligusa.

Kila shule ilipotoka mchana watoto wangu walirudi makwao wakipita chini ya wikio, na walipenda kuimba jedwali la kuzidisha pale kwa sababu dari iliwarudishia sauti. Siku moja nilikuwa chumbani nimelala chali, nikipigana na joto, niliposikia wakikosea sita mara saba. Sauti ikashuka kutoka juu: "Arubaini na mbili, nyinyi! Rudieni!" Wakarudia, wakifikiri ni jini au ni mwalimu. Kesho yake ilikuwa vile vile, na keshokutwa zilikuwa sauti mbili, kisha nne, zikibishana zenyewe kwa zenyewe kabla ya kuwasahihisha watoto. Nikapanda ngazi kimya. Wikioni walikuwa wamejibana wasichana, Barke na wengine wa nyumba za jirani, wa umri wake na zaidi, wamekuja kwa ile njia ya juu kudaka somo la watoto waliopita chini, na mmoja alikuwa ameandika hesabu ukutani kwa kipande cha mkaa. Waliponiona walitawanyika kama kuku. Nilikuwa nikiisoma ile hesabu ya mkaa kwa furaha, na Bi Zena akatokea nyuma yangu akiwa ameshika upawa.

"Shule yenu imejaa, si kweli?" akaniuliza. "Mimi nina ukumbi."

Basi tukaanza. Nilifundisha asubuhi chini ya mkungu na baada ya adhuhuri nikafundisha ukumbini, hadi adhana ya alasiri. Ubao ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa rangi nyeusi iliyobaki kwenye mashua ya mtu. Chaki zilikaa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani ambamo zamani walipanga sahani za kigeni, na Bi Zena alilalamika kila siku kwamba vumbi la chaki linamwingia puani, na kila siku akaja kukaa mstari wa nyuma na nazi yake na mbuzi, akikuna polepole ili asikose kusikia. Tukifika kwenye hesabu za bei aliingilia. "Ndizi hizo ghali, Tabita. Nani kakuuzia?" Tulikula kaimati katikati ya somo la ufahamu, na vitabu vyangu vya mwaka ule mpaka leo vina alama za vidole vya sukari. Nimefundisha katika madarasa yenye madirisha ya vioo na umeme wa uhakika. Sijawahi tena kufundisha katika darasa ambalo nilisikitika adhana ilipoingia.

Aliyevuruga utamu huo alikuwa Barke mwenyewe. "Mwalimu," aliuliza siku moja wenzake wakiwa wanakunja mikeka, "sisi tumo?"

"Mumo wapi?"

"Kwenye hesabu ya Serikali. Wale wa tini, wa mkunguni, wamo. Vitabu huletwa kwa hesabu, na mtihani hufanywa na walio kwenye hesabu. Sisi je? Au hapa ni baraza la wanawake tu, tukichoka kila mtu arudi kwao?" Nilitaka kumwambia kujifunza kwenyewe kunatosha. Uso wake ulinizuia. Alitaka kuwa mwanafunzi kama wanafunzi wengine, basi, na hicho hakikuwa changu kumpa. Nilimwendea Bwana Athmani, ambaye alijua habari za ukumbi tangu siku ya kwanza na kujifanya hajui. Alivua kofia, akajikuna, akasema yeye peke yake hawezi. Lazima Afisa wa Elimu aje awaone kwa macho yake, na akikataa, afadhali niwe nimewaandaa wale mabinti kwa habari hiyo.

Afisa aliitwa Bwana Kimeu, mtu wa bara kama mimi, tai shingoni na viatu vya ngozi vilivyokwisha kulowa kabla hajapanda gati. Bwana Athmani alimkaribisha kwenye daka, zile baraza za mawe nje ya mlango mkubwa ambako wageni wa kiume hukaa, na Bi Zena akateremsha kahawa na halua kwa kile kikapu. Bwana Kimeu alikunywa, akasifu, akapangusa vidole, akainuka. "Haya, twende juu tuone hilo darasa."

Bwana Athmani akakohoa. "Bwana, yuu ni kwa wenyewe. Mwanamume mgeni hapandi."

"Mimi si mgeni. Mimi ni Serikali."

"Serikali ni mwanamume?" sauti ya Bi Zena ikauliza kutoka wikioni, na Bwana Kimeu akatazama juu asione mtu. Mpita njia mmoja alicheka, akasimama. Wengine wakasimama kwa sababu yule amesimama, na mtu aliyekuwa akiswaga punda wa mchanga akashindwa kupita, naye akasimama na punda wake. Nilijua akiondoka kwa hasira hatarudi mwaka ule, na pengine hatarudi kabisa.

Nikamwambia awaulize maswali. Akaniangalia, akaangalia dari, akashusha pumzi, akauliza saba mara nane. Jibu lilishuka kabla hajafunga mdomo. Akauliza hesabu za sehemu, akauliza mito, akauliza mikoa ya nchi, na kila jibu likishuka wazee waliojikusanya kichochoroni walitikisa vichwa kama waliulizwa wao. Akatoa kitabu mkobani, akakitia kikapuni, kikapu kikapanda. Barke akasoma. Alisoma Kiswahili cha kitabu cha shule kwa sauti ile ile ya chuoni, akishusha na kupandisha, hadithi yenyewe ikiwa ya sungura na kisima, na hata punda alitulia. Alipomaliza mtu mmoja akasema "Mashallah" kama vile amesikia mawaidha.

Bwana Kimeu alipangusa jasho. "Wanajua," aliniambia, kwa upole sasa. "Lakini Mwalimu, mimi naandika watoto, siandiki sauti. Nikiulizwa niliwaona wangapi nitasema nini? Lazima niwaone."

Nilifungua mdomo nimsihi. Juu wakanong'onezana, kisha Bi Zena akasema, bila haraka, "Basi hesabu mikono, Bwana."

Ikatoka kwenye madirisha ya wikio. Kwanza mmoja, wenye hina iliyofifia na chaki kwenye vidole, nikautambua kuwa wa Barke. Kisha mwingine chini yake, na mwingine, mpaka madirisha yote mawili yakajaa mikono iliyonyoshwa juu ya kichochoro. Hakuna aliyecheka. Bwana Kimeu alisimama katikati ya njia, kichwa nyuma, akihesabu kwa kidole na kusogeza midomo. Akahesabu mara ya pili ili awe na hakika. "Nimewaona," akasema. Baadaye tuligundua mwanafunzi mmoja zaidi kwenye hesabu yake, kwa sababu Rukia, mtundu wao, alikuwa ametoa mikono yote miwili. Bwana Athmani alilitatua hilo muhula uliofuata kwa kuandika kwamba mmoja amehama.

Vitabu vilikuja, vikapanda kwa kikapu, na Januari iliyofuata wale wakubwa walipewa chumba chao shuleni, wao peke yao. Bi Zena, ambaye sikuwahi kumwona mtaani mchana, aliwatembeza mwenyewe siku ya kwanza, amevaa buibui lake la ushungi, wasichana wote pamoja nyuma yake, ili asitazamwe mmoja. Mimi nilihamishwa mwaka huo huo. Niliagwa kwa chakula kingi kiasi kwamba nilitapika baharini, na Barke akanikumbusha hilo kwa miaka mingi kila aliponiandikia.

Hitima ilipokwisha watu waliagana kwa kubusiana mikono, na Barke akanifuata pale mkekani. Amenenepa, ana mvi mbili anazozificha, na watoto watatu. "Kesho naingia kazini," aliniambia. "Matanga nimeruhusiwa, lakini nyanya angenifukuza. Njoo unione." Yeye hufundisha watoto wa gredi ya kwanza, katika shule ile ile, mkungu upo, lakini chini yake sasa kuna matangi ya maji. Nilifika mapema, nikapewa kiti kidogo nyuma ya darasa. Watoto walikuwa wakiingia na mikoba mikubwa kuliko migongo yao, wakienda mmoja mmoja kumbusu Barke mkono, na nikatabasamu nikifikiri kwamba aliyekimbia kubusiwa mkono sasa hiyo ndiyo kazi yake ya kila asubuhi. Kisha aliingia msichana mrefu, wa miaka kumi na mbili hivi. Jamaa zake walikuwa wamehama kutoka vijiji vya upande wa bara ambako shule ilikaa miaka imefungwa kwa ukosefu wa usalama, na hii ilikuwa wiki yake ya kwanza. Alisimama mlangoni ameinamisha kichwa. Watoto wakamgeukia, wakainuka, wakaanza kujipanga mbele yake, na mimi nikashika ukingo wa kiti, kwa sababu nilikwisha kuyaona yale yote.

Barke hakuwazuia. Mtoto wa kwanza akaubusu mkono wa yule msichana mkubwa, kisha akabaki pale pale, akainua mkono wake mwenyewe, na yule msichana akainama akaubusu. Wa pili hivyo hivyo. Nilipotazama vizuri darasa zima lilikuwa likibusiana mikono, wadogo kwa wakubwa na wakubwa kwa wadogo, kwa zamu na kwa fujo, na Barke katikati yao akiinama na kuinuka. "Kwangu ni sheria, Mwalimu," aliniambia juu ya kelele zao. "Hapa kila mtu humbusu mwenzake."

Nilihisi kitu kinanigusa gotini. Kibinti mmoja mwenye pengo, ambaye hajawahi kuniona, alikuwa ameuchukua mkono wangu na kuubusu. Halafu akanyosha wake, unaonukia mahamri, akangoja. Nikainuka kwenye kile kiti kidogo, nikapiga magoti yangu mabovu sakafuni, nikaubusu.